Barua kwa Mwanasha, kabla hujanunua baiskeli ya ndani

Mkwiro, Kisiwa cha Wasini
14 Agosti 2025

Kwa mwanangu Mwanasha,

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Kusi bado linavuma. Mashua za Shimoni zinavuka asubuhi mapema kabla upepo haujakaza, na anayechelewa Ukunda hulala kwa watu. Mama yako yuko majini na wenzake wa mwani kila maji yanapotoka. Bamvua iliyopita walifunga mbegu kwenye kamba mpaka jua likawachoma migongo, na wakirudi nyumbani bado kuna kuanika. Kitindamimba wa Fatuma ameanza kusimama dede. Madrasa nzima imeshika kasida jioni baada ya jioni, maana Mfungo Sita umekaribia, nasi tunakutazamia uje.

Habari ya vipimo vyako imenifikia kwa mama yako kabla hujanipigia mwenyewe. Alisikia sukari tu, mengine yote hakuyasikia, akaja kwangu analia. Nilimkalisha chini nikamweleza, na sasa nakueleza na wewe kwa maandishi ili ubaki nayo. Hiyo 6.3 uliyopimwa hujatia kitu tumboni tangu usiku haijawa ugonjwa wa kisukari. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanzia 7.0 kuwa ni kisukari, na kuanzia 6.1 hadi 6.9 kuwa ni hali iliyopita uzima lakini haijafika huko. Uko hapo katikati, na ni mahali ambapo mtu bado anaweza kurudi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hali kama yako. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya kadiri dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuingia kwenye kisukari ilipungua kwa asilimia 58 ukiwalinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kwa waliomeza dawa ya metformin ilipungua kwa asilimia 31. Miguu pamoja na kupunguza uzito vilishinda dawa, Mwanasha. Aliyeonywa mapema amependwa, kwa hiyo futa machozi na umwambie mama yako naye afute.

Umeniandikia kwamba unataka kununua baiskeli ya mazoezi ya kuweka nyumbani, ile ya kukaa wima, na ukanitumia picha za tatu uniambie ipi nzuri. Nimezitazama. Sitakuchagulia kwa picha, ila nitakwambia cha kutazama utakapozifikia dukani, maana jambo hili nimeishi nalo.

Kwanza nataka ujue kwamba nakuunga mkono. Wako watakaokwambia pesa unazitupa, tembea barabarani ni bure. Kutembea ni kuzuri, sikatai. Lakini mimi nayajua maisha yako. Unatoka ofisini bandarini Maghrib imeshaadhiniwa, unakuta mtoto anakungoja na jiko linakungoja, na mtaa wenu una giza na vijana wasioshika ndimi zao. Mwanamke katika hali hiyo akiambiwa atembee, atatembea juma moja. Baiskeli ya ndani inakaa pale pale penye jiko na mtoto, huhitaji kuvaa buibui kuifikia, na hakuna mtu wa kutazama magoti yako yanavyopanda na kushuka. Stara yako na afya yako zimekutana mahali pamoja. Kwangu hilo peke yake linatosha kuilipia.

Babu yako, baba yetu sisi, alikuwa mchuuzi wa samaki. Alipokea samaki Shimoni wakishushwa, akawapanga katika tenga nyuma ya baiskeli yake nyeusi ya chuma, akapanda nao mpaka Ramisi kuwauzia wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1988 akahamia vijijini, nyumba kwa nyumba, mchanga ukimla magurudumu. Alifika uzeeni ndama za miguu zimekaza kama kamba ya nanga. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye mazoezi, kazi yenyewe ilimfanyisha. Na huku kisiwani mpaka leo hakuna gari. Ukitaka kwenda Wasini kijijini unakwenda kwa miguu juu ya mawe ya matumbawe, na ukitaka maji unayateka birikani uyabebe. Mwili wako, mwanangu, umetokana na watu hao, na sasa unaushindisha kitini kutwa ukijaza fomu za makontena, kisha unaupandisha tuktuk mpaka mlangoni. Hukufanya kosa, riziki ndiko ilikokupeleka. Lakini mwili haujui habari ya riziki, unajua umetumika au haukutumika.

Nilipokuwa nasoma fiziotherapia chuo cha KMTC Nairobi, mwalimu wetu alitueleza habari ya mabasi ya London, na sijaisahau. Daktari mmoja, Jerry Morris, aliwatazama madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Watu wa kampuni moja, barabara moja, mshahara usiopishana sana. Dereva ameketi kutwa, kondakta anapanda na kushuka ngazi kukata tikiti. Matokeo yakachapishwa mwaka 1953: makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva, na waliopatwa hawakupatwa vikali kama wenzao. Ngazi za basi tu, Mwanasha. Nakwambia haya ili usidhani unahitaji kutoka jasho mpaka uanguke. Unahitaji kuipa miguu kazi ya kila siku ambayo kiti cha ofisi kimeinyang'anya.

Kisha nikafanya kazi hospitalini Msambweni, miaka mingi, mpaka nikastaafu. Tulikuwa na baiskeli ya namna hiyo chumbani mwetu, karibu na dirisha. Walikuja kwangu wavuvi wenye magoti yaliyochoka kwa kusukuma vyombo mchangani, akina mama waliopooza upande mmoja wakaanza kupata nafuu, vijana wa bodaboda waliovunjika mapaja. Kitu kimoja nilikiona kwa wote. Waliodumu na baiskeli hawakuwa wenye nguvu wala wenye bidii kuliko wenzao. Ni wale ambao kiti kiliwakaa. Ambaye kiti hakikumkaa, hata angekuwa na nia ya chuma, baada ya siku chache goti lilimuuma au makalio yalikufa ganzi, akaacha, na akaacha akijilaumu kuwa mvivu, wala hakuwa mvivu. Ndiyo maana siangalii rangi wala kioo. Naangalia kiti.

Basi ukifika dukani, usikubali kuuziwa baiskeli iliyo ndani ya boksi. Waambie wakuonyeshe iliyounganishwa, na uipande. Vaa suruali chini ya dera siku hiyo ili usione haya. Kiti ni lazima kipande na kushuka, na ikiwezekana kiende mbele na kurudi nyuma pia. Nyingi za bei ya chini hupanda na kushuka kwa matundu yaliyoachana mbali, na mtu wa kimo chako hujikuta tundu moja ni fupi na la pili ni refu. Wewe ni mfupi kama mama yako. Hakikisha tundu la chini kabisa linakufaa na bado kuna nafasi ya mumeo kupandisha kiti akitaka kuitumia, maana ataitaka tu.

Kipimo cha kiti ndicho hiki, na ukishike. Simama kando ya baiskeli, kiti kiwe usawa wa mfupa wa nyonga. Panda. Weka kisigino, siyo vidole, juu ya pedali iliyo chini kabisa. Hapo mguu unyooke wote bila wewe kuinama upande. Kisha sogeza mguu, pedali ikae chini ya ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole. Goti sasa litakuwa limepinda kidogo tu, na hicho ndicho kimo chako. Zungusha taratibu umwambie mtu akutazame kwa nyuma: nyonga zikicheza huku na huku, kiti kiko juu mno. Siku za mbele ukisikia maumivu mbele ya goti, chini ya pia ya goti, mara nyingi kiti kiko chini. Ukisikia nyuma ya goti, kiko juu. Panda au shuka tundu moja, usibadilishe mengi kwa pamoja, uone siku mbili tatu. Ukishapata tundu lako, liwekee alama ya rangi ya kucha, ili akikuhamishia mtu uweze kurudi bila kupima upya.

Usukani uuweke juu. Nimeona wasichana wanainama kama wanaokimbia mashindano, wakati nia yao ni kuondoa sukari, na wanatoka hapo na maumivu ya shingo juu ya uchovu wa ofisi. Kaa mgongo umesimama, mabega yameshuka, mikono imepumzika.

Umeniuliza pia kuhusu ile ya kuegemea na ile ya mashindano. Ya kuegemea ni nzuri kwa mwenye mgongo mbovu au asiyeweza kujizuia akiyumba, lakini inakula nafasi, na ukumbi wako hauna nafasi hiyo. Ya mashindano, yenye gurudumu kubwa wazi mbele, usiilete ndani ya nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu. Gurudumu lile ni zito, na katika nyingi ya baiskeli hizo pedali zimefungwa nalo moja kwa moja: wewe umesimamisha miguu, zenyewe zinaendelea kuzunguka kwa kasi ya gurudumu. Kidole cha mtoto hakingoji. Chukua ya wima yenye gurudumu lililofunikwa, na hata hiyo uijaribu dukani: zungusha kwa kasi kisha legeza miguu ghafla, uone kama pedali zinakusukuma au zinaiachilia miguu yako. Na nyumbani mwanao Bakari afundishwe kwamba mama akiwa juu, yeye anakaa mkekani. Mwambie ni amri ya bibi yake wa Mkwiro.

Ugumu wa kuzungusha huletwa kwa njia mbili. Kuna zenye kitambaa kinachokandamiza gurudumu, na kuna za sumaku. Ya kitambaa ni rahisi, lakini kitambaa kinaliwa, kinatoa vumbi, na kikikauka kinalia. Katika ya sumaku hakuna kinachogusana. Sumaku inasogezwa karibu na gurudumu la chuma linalozunguka, na kadiri inavyokaribia ndivyo gurudumu linavyovutwa nyuma. Haina kelele na haina cha kulika hapo. Wewe unakaa ghorofa ya tatu na chini yako kuna mzee mgonjwa, basi lipia sumaku, na uweke mkeka mnene wa mpira chini yake. Chagua ile ambayo ugumu wake unabadilishwa kwa kuzungusha kirungu kwa mkono. Ile inayohitaji umeme ili ugumu ubadilike, stima ikipotea utakuwa umenunua kiti.

Kibandiko cha uzito unaobebwa kisome. Kama kimeandikwa kilo 100 na mtu mzito zaidi nyumbani ana 90, mimi nisingeichukua. Baiskeli ikifikishwa karibu na mwisho wake huanza kutikisika, na mtu akitikisika juu yake humwingia woga, akaiacha. Kioo chenye nambari usikilipie zaidi. Hesabu ya kalori inayokuonyesha ni ya kubahatisha, na vile vibati vya mapigo ya moyo kwenye usukani hudanganywa na jasho. Saa ya ukutani inakutosha.

Sasa sikiliza habari ya pedali, maana hapa nimeona vitu vizima vikiharibiwa siku ya kwanza. Pedali zitakuja zimetenganishwa. Moja ina herufi L, moja ina R. Kushoto na kulia ni kwa aliyekaa juu ya baiskeli, siyo kwa aliyesimama mbele yake. Ya kulia ina hesi za kawaida. Ya kushoto hesi zake zimegeuzwa, inakazwa kinyume na nati zote ulizowahi kuona. Njia ya kukumbuka ni kwamba zote mbili hukazwa kwa kuielekeza spana mbele ya baiskeli. Anza kwa vidole vyako, usianze na spana. Ikiingia kwa ulaini mizunguko kadhaa ndipo ushike spana. Ikikataa, itoe, iangalie herufi, uanze tena. Baiskeli yangu mimi ililetwa kwa mashua kutoka Shimoni na kijana mmoja mwenye nguvu akajitolea kuifunga. Alilazimisha ya kushoto kwa mkono wa kuume kama afungavyo injini, akazila hesi za mkono wa pedali, tukangoja chuma kingine mpaka upepo ulipokubali. Wewe simama hapo fundi anapofunga, hata kama ni mkubwa kwako. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Na baada ya juma la kwanza zikaze tena zote mbili, kwa sababu pedali mpya hulegea, na inayotoa mlio wa tik, tik kila mzunguko inakuomba spana.

Baiskeli hiyo ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Magoti yangu yamezeeka. Kushuka gatini kwenye mashua siku za bamvua kunaniuma, lakini juu ya baiskeli hayaniumi, kwa kuwa uzito wangu umebebwa na kiti na goti linabaki na kazi ya kupinda na kunyooka tu. Nikikaa siku nyingi bila kuipanda, nikisimama kwenye swala magoti yananiambia. Nakutolea mfano huo ili ujue kwamba ninachokupa sikukisoma tu kitabuni.

Kuitumia kwenyewe ni jambo dogo, na ninataka liwe dogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Usiikimbilie hesabu hiyo mwezi wa kwanza. Anza na dakika kumi baada ya chakula cha usiku, mkishasali Isha na Bakari ameshalala. Wakati huo nimeuchagua kwa makusudi. Ukila wali, sukari inaingia kwenye damu. Msuli unaofanya kazi huichota sukari hiyo wenyewe, hata insulini ikiwa imechoka, na huendelea kuwa mwepesi wa kuipokea saa nyingi baada ya wewe kushuka. Ndiyo sababu kidogo cha kila siku kinakufaa kuliko saa nzima ya Jumapili. Ukikosa siku moja, haidhuru. Siku mbili zikifuatana, ya tatu upande hata kama una mafua madogo. Dakika kumi zikizoeleka ziwe kumi na tano, kisha ongeza nyingine kumi asubuhi baada ya Alfajiri kabla nyumba haijaamka. Mwezi wa Ramadhani panda baada ya kufuturu, usipande mchana.

Kasi yake uipime hivi. Hesabu mara ngapi goti la kulia linapanda katika robo dakika. Zikiwa kama kumi na tano, unakwenda vizuri. Ugumu uweke pale ambapo unaweza kuzungumza na mumeo sentensi nzima, lakini ukijaribu kuimba kasida pumzi inakukatikia katikati ya ubeti. Ukiweza kuimba mpaka mwisho, kaza kidogo. Usipoweza hata kumjibu, legeza. Dakika mbili za mwanzo na mbili za mwisho ziwe laini kabisa, na usishuke ghafla, utapata kizunguzungu.

Vaa raba na suruali. Dera na leso usipande nazo, zinameza pedali na pedali inazimeza. Weka chupa ya maji, fungua dirisha, washa feni, maana joto la Mombasa ndani ya ukuta wa saruji linachosha moyo kuliko mazoezi yenyewe. Ukimaliza futa jasho kwenye usukani na kiti kwa kitambaa kikavu. Hewa yenu ya mkono wa bahari ina chumvi, na jasho lina chumvi, na bolti iliyonyweshwa chumvi mbili haifiki mwaka wa pili bila kutu. Kila mwezi mmoja au miwili pitisha grisi kidogo kwenye bolti na kwenye nguzo ya kiti, ambayo ikishikana na kutu hutaipandisha wala kuishusha. Na usiianikie nguo. Siku ile buibui la kwanza litakapolala juu ya usukani, liondoe siku hiyo hiyo.

Iweke ukumbini mahali ulipozoea kukaa usiku. Usiipeleke kwenye chumba cha wageni. Huko utaitembelea kama mgonjwa.

Mambo mawili baiskeli haitakufanyia. Haitajenga mikono wala mgongo wako, na mifupa haiipi mzigo wa kutosha kwa sababu umekaa. Kwa hiyo ngazi za ghorofa zenu zipande kwa miguu, na mara mbili kwa wiki inuka kitini na kukaa bila kushika, mara kumi, upumzike, tena kumi. Na haitalipa deni la sahani. Mahamri manne na chai ya sukari vijiko vitatu kila asubuhi havifutwi na dakika kumi. Kula mawili, mbaazi uongeze, chai uizoee kijiko kimoja, kisha nusu. Sikukatazi biriani ya harusi. Nakukataza ya Jumatatu.

Najua barua hii haitasomwa na wewe peke yako. Mjomba wako Athumani akisomewa, asikie na hili: yeye anatumia insulini, na wapo wengine hapo kwenu wanaomeza glibenklamidi. Hao wasipande baiskeli kabla ya kupima sukari na kuzungumza na daktari wao, kwa sababu dawa na mazoezi vikikutana sukari inaweza kushuka chini ya 4, mtu akatetemeka na kuchanganyikiwa. Wawe na kitu kitamu karibu. Na yeyote, kijana au mzee, akisikia kifua kinambana, au maumivu yanakwenda mkononi au tayani, au pumzi inakatika bila sababu, ashuke na aende hospitali saa hiyo hiyo, asingoje asubuhi. Wewe kabla hujaanza mwonyeshe daktari wako barua hii ukitaka, na pima tena sukari baada ya miezi mitatu.

Mumeo naye, ambaye najua anasoma begani kwako: baba, dakika hizo za baada ya Isha ni zako wewe kumshika mtoto akiamka. Nimekuomba, na sitarajii kuomba mara ya pili.

Ukishainunua na kuifunga, keti juu yake, mguu wa kushoto ukiwa chini kabisa, mumeo akupige picha kwa ubavuni, simu ikiwa usawa wa goti, mwili mzima uonekane. Nitumie kwa simu ya Fatuma, mtandao jioni huwa mzuri kule gatini. Nitakwambia upandishe tundu au ushushe. Ukija kwa Maulidi lete na ile karatasi ya vipimo, na spana iliyokuja na pedali usiitupe, weka droo ya jikoni.

Msalimie Bakari, mbusu kwa niaba yangu. Mama yako anakusalimu sana, na anasema mwani ukilipwa atakuletea samaki wa kukausha.

Wasalaam,
Mamako mkubwa